Wanafunzi wana meno ya kahawia: maji mazuri yaanzie kwa nani?

SWALI

Ndugu washauri,

Mimi ni mwalimu wa afya katika shule ya msingi wilayani Meru, mkoani Arusha. Tuna wanafunzi 480, awali hadi darasa la saba. Maji yetu ni ya kisima kirefu kilichochimbwa na wafadhili. Siku ya uzinduzi tulikabidhiwa cheti kinachosema maji ni salama. Mwezi uliopita kamati ya shule ilichanga fedha tukapeleka sampuli maabara, na majibu yakarudi: floraidi, madini yaliyoyeyuka ndani ya maji, ni miligramu 6.2 kwa lita.

Nimekagua meno ya darasa la nne. Zaidi ya nusu wana madoa, wengine meupe kama chaki, wengine kahawia, na wachache meno yamemeguka. Kamati imeamua kununua machujio ya udongo kwa ajili ya darasa la nne hadi la saba, kwa kuwa ndio walioathirika zaidi. Mpishi naye ameagizwa achemshe maji ya kunywa. Je, tumekosea?

Baadhi ya wazazi wanasema haya ni meno ya ukoo, maana watoto walipokuwa wadogo meno yao ya utoto yalikuwa meupe kabisa. Mzazi mmoja anataka tupige marufuku dawa ya meno yenye floraidi. Wapo wanaosugua kwa mchanga na majivu. Tena kuna msichana wa darasa la sita ambaye hasomi kwa sauti darasani, na akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Mama yake anataka kumpeleka kwa fundi wa sokoni anayekwangua meno.

La mwisho ni langu binafsi. Nina mtoto wa miezi 14. Nyumbani tunatumia maji ya kisima hichohicho. Yeye nimfanyie nini?

Mwalimu wa afya, Meru

JIBU

Mwalimu,

Tuanze na huyo wa nyumbani. Umemweka mwisho wa barua, lakini katika watoto wote uliowataja ndiye ambaye meno yake ya mbele bado yanaweza kuokolewa.

Jino la mbele la juu ambalo mtoto huota akiwa na miaka 7 haliumbwi mwaka huo. Linaanza kujengwa ndani ya taya miezi michache baada ya kuzaliwa, na gamba lake gumu, yaani enameli, linakamilika akiwa na miaka 4 hadi 5. Kwa meno mawili ya katikati, hatari kubwa iko kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu. Floraidi ikizidi mwilini kipindi hicho, enameli haikomai vizuri: inabaki na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Jino linatoka likiwa jeupe kama chaki, halafu vile vitundu vinanyonya rangi ya chai na chakula mpaka linageuka kahawia. Kwa hiyo doa unaloliona darasa la nne ni habari ya maji aliyokunywa mtoto miaka saba au minane iliyopita, kabla hujamjua.

Hapo ndipo uamuzi wa kamati ulipopinda. Mmepanga kuwapa maji mazuri wale ambao meno yao ya mbele yalishamaliza kujengwa, na kuwaacha awali na darasa la kwanza, ambao magego yao ya nyuma na yale madogo ya katikati bado yanajengwa hadi kwenye miaka 8. Hatusemi wakubwa waendelee kunywa maji ya 6.2, wakati kiwango kinachoruhusiwa ni 1.5. Mifupa haina umri wa kusamehewa, na mtu akinywa maji ya namna hiyo miaka mingi anaweza kuishia na mgongo mgumu na viungo vinavyouma. Ila fedha zikiwa haba, foleni ianze na wadogo, na iwafikie hata wale ambao hawajaanza shule.

Sasa hesabu ya mtoto wako. Mpaka unaotumika sana kwa watoto wa umri huo ni miligramu 0.1 ya floraidi kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 10 asipite miligramu 1. Kikombe kimoja cha uji cha mililita 300, kilichopikwa kwa maji ya kisima chenu, kina karibu miligramu 1.8. Amevuka mpaka kabla ya saa tatu asubuhi, na hajanywa maji bado.

Habari njema ni kwamba mahitaji yake ni madogo. Maji ya kunywa, ya uji na ya kupikia chakula chake hayazidi lita 2 kwa siku. Hiyo ni lita 60 kwa mwezi, madumu matatu ya lita 20. Familia inayoshindwa kununua maji mazuri ya nyumba nzima mara nyingi inaweza madumu matatu. Yajaze maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, au maji ya dukani yaliyosafishwa kwa mtambo wa RO unaopitisha maji kwenye utando kwa shinikizo. Ukiwa mzima na ukitunzwa, mtambo huo huondoa sehemu kubwa ya floraidi. Mwombe mwenye duka majibu ya maabara ya maji yaliyotoka kwenye mtambo. Akikuonyesha ya maji yanayoingia, hayo si jibu. Maji ya chupa pia soma lebo: tafuta yaliyoandikwa floraidi chini ya miligramu 0.5 kwa lita.

Madumu hayo yatenge, yafunge kitambaa cha rangi, na kila anayemlea mtoto ajue. Mara nyingi mpango huvunjika kwa dada wa kazi au bibi ambaye hakuambiwa, akakoroga uji kwa maji ya ndoo ya kawaida. Kama bado ananyonya, endelea. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno hata pale mama anapokunywa maji mabaya, na maziwa ya ng'ombe ni hivyohivyo. Uji uliokorogwa kwa maziwa una faida mara mbili, kwa kuwa kalsiamu ya maziwa hushika sehemu ya floraidi tumboni isiingie yote kwenye damu. Chai usimpe. Majani ya chai yenyewe yana floraidi, na ukiyachemsha kwa maji ya 6.2 umejumlisha juu ya jumla.

Hili la maziwa ya mama linajibu pia hoja ya ukoo. Meno ya utoto huanza kujengwa mimba ikiwa bado tumboni na sehemu kubwa humalizikia katika mwaka wa kwanza, wakati mtoto ananyonya. Ndiyo maana mengi hutoka meupe, au na madoa hafifu, hata katika kijiji ambacho kila mtu mzima ana meno ya kahawia. Wazazi wanaona meupe, wanatulia, miaka 7 inafika wanashangaa. Ukitaka kuwaonyesha kwamba si ukoo, tafuta familia iliyohamia hapo ikiwa na mtoto mkubwa wa miaka 9 au 10, kisha ikazaa mwingine palepale. Baba mmoja, mama mmoja. Mkubwa ana meno meupe, mdogo ana ya kahawia. Katika vijiji vya mteremko wa Meru familia za aina hiyo hazikosekani.

Kwa ukaguzi wako wa darasani, alama kuu ni ulinganifu. Floraidi hugusa meno ya kushoto na kulia kwa mfanano, kwa mistari au mawingu yanayokata jino kwa upana. Doa kwenye jino moja tu huenda ni la kuanguka au la usaha wa jino la utoto lililokuwa juu yake. Mtoto asukutue, futa meno kwa pamba yakauke, uangalie nje kwenye mwanga wa mchana, kwa sababu mistari hafifu haionekani jino likiwa na mate. Wagawe makundi matatu: wenye mistari au mawingu meupe tu, wenye jino zima kama chaki au kahawia, na wenye vishimo au kumeguka. Kundi la tatu ndilo la kupelekwa hospitali kwanza, kwa kuwa jino lililofunguka hushika uchafu, hutoboka na kuuma.

Kuhusu cheti cha siku ya uzinduzi, kisome tena. Vyeti vingi vya visima hupima vijidudu, tope na chumvi, na neno "salama" linahusu hivyo tu. Kama floraidi ilipimwa, angalia pia tarehe na kiwango kilichotumika. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4 kwa lita, kwa sababu ya ugumu wa kupata maji mengine katika mikoa kama Arusha, Manyara na Singida. Sasa kiwango ni 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Karatasi ya zamani iliyoandikwa "inakubalika" haiwalindi watoto wa leo. Ukifika mkutano wa wazazi, wajulishe pia kwamba floraidi haina rangi, harufu wala ladha. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, na huzidi kwenye maji yenye kalsiamu kidogo na magadi mengi, yale ambayo sabuni hutoa povu haraka na akina mama huyasifu kwa kufulia. Kuchimba kina kirefu zaidi si dawa. Visima viwili vilivyo nusu kilomita kutoka kimoja hadi kingine vinaweza kutofautiana sana, na jibu la kisima cha jirani si jibu la chenu.

Machujio ya udongo msinunue kwa kazi hii. Yanazuia vijidudu na tope, basi. Floraidi imeyeyuka ndani ya maji kama chumvi kwenye mchuzi: kitambaa hakiichuji na moto hauichomi. Klorini haiigusi, na mbegu za mlonge, ambazo husafisha tope vizuri, msizitegemee hapa. Kuchemsha ndiko kunakodanganya zaidi, maana mvuke unaondoka na floraidi inabaki sufuriani. Lita 20 za maji yenu zikichemka hadi zikabaki 15, kiwango kimepanda kutoka 6.2 hadi karibu 8.3. Kuchemsha ni kwa ajili ya kuhara na taifodi. Maji ya mvua yachemsheni bila wasiwasi, ya kisima msitegemee kuchemsha kama tiba ya meno.

Njia za kuondoa floraidi zipo, na mbili zimefanyiwa kazi ya miaka mingi palepale wilayani kwenu, katika kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto kilicho chini ya Wizara ya Maji. Kabla ya kununua chochote, nendeni hapo na majibu yenu ya maabara mkononi.

Ya kwanza ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe hufungiwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo na kuchomwa kwenye nyuzijoto 400 hadi 500, kisha husagwa iwe punje za nusu milimita hadi milimita 2 au zaidi kidogo na kuoshwa. Maji hupita juu yake polepole na floraidi hunasa. Mkaa uliochomwa sawasawa ni mweusi. Ukiwa wa kahawia na unanuka, mafuta na nyama havikuungua, na maji yatanuka hivyohivyo hadi watoto wayakatae. Ukiwa mweupe kama jivu, moto ulizidi na nguvu ya kunasa imepotea. Msijaribu kuuchoma shuleni. Wazazi watauliza ni mifupa ya mnyama gani na amechinjwa wapi, na wana haki ya kujibiwa mapema. Wazo zuri limewahi kufa kwa swali hilo tu kwa sababu hakuna aliyejiandaa kulijibu.

Tatizo la mkaa huu ni kwamba unajaa, na ukijaa maji yanaendelea kutoka masafi kwa macho. Kwa kadirio la tahadhari, kilo 1 ya mkaa inanasa gramu 1 ya floraidi. Chujio la nyumbani lenye kilo 10 litanasa miligramu 10,000. Maji yenu yanahitaji kupunguzwa karibu miligramu 5 kwa kila lita, kwa hiyo chujio hilo litasafisha lita 2,000. Familia inayotumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupika itafika siku 100. Shule yenu, kwa lita 1 ya kunywa kwa kila mwanafunzi, ni lita 480 kwa siku: lita 2,000 zinaisha siku ya tano. Ili mmalize muhula wa siku 95 mnahitaji takribani kilo 230. Mtu akiwauzia chujio dogo la shule nzima, mpeni kalamu apige hesabu hii mbele yenu.

Ya pili ni shabu na chokaa, njia iliyopewa jina la Nalgonda huko India. Kwa ndoo ya lita 20 kipimo kilichotumika Ngurdoto ni gramu 12.8 za shabu na gramu 6.4 za chokaa. Zinayeyushwa kando kwanza, zinamiminwa ndooni, unakoroga haraka kwa dakika 1, halafu polepole sana kwa dakika 5 ili mabonge ya tope yashikane, kisha unaacha yatulie saa 1. Bomba la ndoo liwe sentimita 5 juu ya kitako, na maji yapite kwenye kitambaa kizito yakiingia ndoo ya pili. Kosa la kawaida ni kukoroga kwa nguvu hadi mwisho. Mabonge yanavunjika na hayatulii tena. Kosa la pili ni kuacha maji yalale juu ya tope hadi kesho, kwa maana floraidi huanza kurudi kwenye maji. Tope lizikwe mbali na kisima na mifugo. Chokaa ikipungua maji yanakuwa makali ulimini na mabaki ya aluminiamu yanazidi. Kipimo sahihi hutegemea maji ya kisima husika, kwa hiyo wacha maabara ikupe gramu zako, na uzipime kwa mzani, si kijiko. Kwa maji ya 6.2 njia hii inaweza kukuacha pembezoni mwa 1.5, juu au chini kidogo. Kwa nyumba yenye mtu makini inafaa. Kwa shule ya watoto 480 na mpishi mmoja, tunasita kuipendekeza.

Tunachopendekeza kwenu ni paa. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa, na shule ina mabati. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Jengo la madarasa la mita 7 kwa 20 lina mita za mraba 140. Kwa mvua ya milimita 800 kwa mwaka, ukitoa asilimia 20 inayomwagika na kukauka, unapata karibu lita 89,600. Maji ya kunywa ya shule nzima kwa mwaka wa masomo wa siku 194 ni lita 93,000 na ushei. Jengo moja linakaribia kutosha! Kinachokosekana ni mahali pa kuyahifadhi, kwa kuwa mvua huisha na kiangazi kinashika kuanzia Juni hadi Oktoba.

Hapo tena foleni ya wadogo inakuokoa. Tuseme awali hadi darasa la pili ni watoto 120. Wape lita 1 ya kunywa na robo lita ya uji: lita 150 kwa siku. Siku za masomo za kiangazi, Julai hadi mwisho wa Oktoba, ni kama 80. Hiyo ni lita 12,000, yaani matangi matatu ya lita 5,000 yaliyojaa kufikia mwisho wa Mei. Kwa shule nzima, kunywa tu, mngehitaji lita 38,400, matangi manane. Anzeni na matatu, mkiongeza moja kila mwaka.

Mfereji wa bati uteremke sentimita 1 kwa kila mita 1 hadi 2. Ukilala sawa, maji yanasimama na mbu wanazaa. Maji ya kwanza ya kila mvua iliyotanguliwa na siku kavu yana vumbi na kinyesi cha ndege, yatupwe: nusu lita kwa kila mita ya mraba. Kwa paa lenu ni lita 70. Wengi huweka kipande cha bomba la inchi 4 na kuridhika, lakini mita 1 ya bomba hilo hubeba lita 8 tu. Wekeni pipa la lita 70 hadi 100 lenye koki ndogo chini ya kulimwaga baada ya mvua. Tangi lifunikwe na wavu wa mbu kwenye tundu la kuingilia, likae kivulini inapowezekana, na maji ya kunywa yatiwe klorini.

Bomba la mvua lipakeni rangi ya bluu na la kisima rangi nyekundu. Nyekundu ni kunawa, kufagia, vyoo na bustani. La bluu lifungwe kufuli, funguo akae nazo mwalimu wa zamu. Tunaijua shule: bomba lisipofungwa, darasa la saba watalimaliza kwenye mpira wa Ijumaa. Siku matangi yakipungua mnaweza kuchanganya, sehemu 1 ya kisima kwa sehemu 4 za mvua, mkapata takribani 1.2. Sehemu 1 kwa 3 inakupeleka 1.55, umeshapita.

Jikoni kuna jambo ambalo barua yako haikulitaja: magadi. Kama mpishi anatia magadi kwenye maharage au makande ili yaive haraka, anaongeza floraidi juu ya ile ya maji, na kiasi chake hutofautiana mno kati ya fungu moja la sokoni na jingine. Hata bila magadi, chungu kinachokaa motoni kwa muda wa saa tatu na kuongezwa maji mara kwa mara kinakusanya: kila lita inayokauka inaacha miligramu 6.2 ndani. Maharage na mahindi yalowekwe usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 12, maji ya kulowekea yamwagwe, chungu kifunikwe, na nyanya ziingie baada ya maharage kulainika, maana uchachu wake huyakaza. Kuni zitapungua pia, hoja ambayo mpishi ataisikia kuliko hoja ya meno.

Dawa ya meno msiipige marufuku. Jino lenye florosisi kali, yaani lililoharibiwa sana na floraidi, lina vitundu, na likimeguka linatoboka upesi. Linahitaji ulinzi wa juu kama jino jingine lolote. Madhara hutokana na kumeza wakati meno yanajengwa. Kwa hiyo, chini ya miaka 3, mpako mwembamba kama punje ya mchele, umfutie mabaki. Miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya choroko kubwa au njegere, mtu mzima akisimamia ili ateme mate. Zaidi ya hapo, apige mswaki kawaida. Mchanga na majivu vikomeshwe: haviondoi doa kwa kuwa doa liko ndani ya enameli, vinachofanya ni kukwaruza njia ya doa jingine.

Na huyo msichana wa darasa la sita. Fundi wa sokoni humpa jino jeupe kwa wiki kadhaa, kwa kukwangua au kupaka tindikali. Enameli haioti tena. Chini ya tabaka alilotoa kuna enameli laini zaidi yenye vitundu vingi. Rangi inarudi ikiwa nzito kuliko mwanzo, na ganzi inaanza kila akinywa maji baridi. Limau na magadi soda, na mkaa wa kusugulia, ni ndugu wa fundi huyo.

Idara ya kinywa na meno ya hospitali ya mkoa inaweza kumsaidia kwa njia za ngazi. Doa la juujuu, daktari hulisugua kwa mchanganyiko maalumu wa tindikali na unga mkwaruzo, fizi zikiwa zimefunikwa kwa mpira, akitoa tabaka jembamba mno kwa kipimo. Doa lililozama au lenye vishimo hufunikwa kwa kijazio cha rangi ya jino, ambacho hudumu miaka kadhaa kisha hurekebishwa. Vigae vya kauri visubiri awe mtu mzima, fizi na taya zikishatulia. Mama aulize mambo mawili kabla ya kukubali: ni meno mangapi yatashughulikiwa, kwa kuwa mara nyingi yale manne hadi sita ya juu yanayoonekana yanatosha kumrudishia kicheko, na marekebisho ya baadaye yatagharimu kiasi gani. Wakati mnasubiri, usimlazimishe kusoma amesimama mbele. Asome akiwa kwenye dawati lake. Na wenzake wafundishwe siku hiyohiyo unapofundisha somo la maji, ili wajue kwamba meno ya kahawia si uchafu wala uvivu wa mswaki.

Ukikuta mtoto mwenye miguu iliyopinda, mpeleke hospitali, usiamue mwenyewe. Matege yanaweza kutokana na floraidi nyingi, yanaweza kutokana na upungufu wa vitamini D na kalsiamu, na mara nyingine vyote pamoja.

Rudieni kipimo mwishoni mwa kiangazi, Oktoba, kwa kuwa jibu mlilonalo ni la mwezi mmoja tu. Chukueni nusu lita kwa chupa ya plastiki. Ya kioo haifai, floraidi hushikana na kioo na kuharibu jibu. Acheni bomba litiririke dakika 5, suuzeni chupa mara tatu kwa maji yaleyale, jazeni, andikeni jina la kisima, tarehe na saa. Pelekeni na chupa ya pili kutoka tangi la mvua, na ya tatu kutoka kisima unachotumia nyumbani kama si hicho cha shule.